Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Wabunge kuhusu kiti cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali

Kutoka kwa mwalimu mstaafu,
Kahama, Mkoa wa Shinyanga.

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria.

YAH: NANI AMPE KAZI, NA NANI AMWONDOE, MWANASHERIA MKUU WA SERIKALI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 34 na sasa nimestaafu. Sheria sikuisomea darasani. Nilianza kuisoma ukubwani, kwa miwani na kamusi, baada ya jambo nitakalowaeleza. Naandika hadharani kwa sababu barua za faragha zimegonga ukuta. Niliandika tatu kwa ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja hapa. Ya kwanza niliituma kwa rejista ya posta. Ya pili niliipeleka kwa mkono, nikasimama dirishani mpaka ikapigwa mhuri. Ya tatu nilimpa mtu anayefahamiana na karani wa masijala. Nilichobaki nacho ni nakala ya ile ya pili yenye neno IMEPOKELEWA kwa wino wa bluu, bila namba ya jalada. Nakala hiyo naitunza ndani ya daftari la Hisabati la binti mmoja niliyemfundisha.

Ni daftari la kawaida, lina jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ukurasa wa mwisho kuna swali la riba. Binti amelifanya lote kwa njia, hatua baada ya hatua, na chini yake kuna mwandiko wangu mwekundu: "Vizuri sana, endelea." Alimaliza darasa la saba mwaka 2015. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, lake halikuwamo. Juni 2017, akiwa na miaka 15, nilisikia kwamba ng'ombe wa mahari wameshahesabiwa.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo. Nilimwambia kuna hukumu, nimeisikia redioni. Alinisikiliza kwa heshima zote. "Mwalimu," akasema, "hukumu hata mimi naijua. Lakini Serikali imekata rufaa. Sheria bado ipo. Baba yake nimkamate kwa kosa gani?" Sikuwa na jibu. Jumamosi iliyofuata binti aliolewa.

Hukumu yenyewe ni ya Julai 2016. Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama, ni kinyume cha Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Badala ya kurekebisha, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, yaani mshauri mkuu wa Serikali kwa mambo ya sheria, alikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Kati ya hukumu ya kwanza na ya mwisho ilipita miaka mitatu na ushei, na ndani ya miaka hiyo ndimo alimoolewa mwanafunzi wangu.

Barua zangu tatu ziliuliza swali moja tu. Nani aliamua kukata rufaa ile, na kwa sababu gani aliyoweza kuiandika na kuitia sahihi? Nilijua siwezi kuirudisha siku ile ya Jumamosi. Nilitaka kujua mtu anayeitwa Mwanasheria Mkuu anamjibu nani. Jibu nililitafuta kwenye Katiba, na nililolikuta ndilo linalonifanya niwaandikie ninyi. Nina hoja nne.

1. Mlango wa kuingilia na wa kutokea una ufunguo mmoja.

Ibara ya 59 inasema Mwanasheria Mkuu anateuliwa na Rais. Haijataja mahali popote kwamba nafasi itangazwe, au kwamba ninyi mumsaili. Waziri Mkuu, pamoja na ukubwa wa cheo chake, jina lake linaletwa mbele yenu na mnalipigia kura kabla hajaapa. La Mwanasheria Mkuu haliletwi. Anakaa kwenye kiti hadi Rais atakapofuta uteuzi wake, au hadi Rais mteule anapokaribia kushika madaraka. Hana kipindi. Jaji haondolewi bila tume ya kumchunguza. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye amewekewa kinga ya namna hiyo. Mtu anayetakiwa kuiambia Serikali "hapa mnavunja sheria" hana kinga hata moja. Anahudhuria vikao vya Baraza la Mawaziri, na humo ukumbini mwenu ni mbunge kwa wadhifa wake, bila kata hata moja iliyompigia kura.

Mark Bomani, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo, aliishika tangu 1965 hadi 1976. Kati ya 2015 na 2024 walioteuliwa kuishika ni wanne: George Masaju, Adelardus Kilangi, Eliezer Feleshi na Hamza Johari. Sisemi lolote baya juu ya yeyote kati yao, na wapo waliosifiwa na wanasheria wenzao. Nasema tu kwamba kiti kinachobadilishwa hivi kinamfundisha anayekikalia kutazama nyuma kila anapotaka kusema neno zito.

2. Anakwenda wapi akitoka?

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, Waheshimiwa, na naomba mnivumilie nikikaa kidogo. Nimesikiliza mabishano mengi kuhusu kama mtu huyu achaguliwe na wananchi au ateuliwe. Yote yanahusu namna anavyoingia. Mimi naomba tutazame anavyotoka.

Masaju alitoka kwenye kiti hicho mwaka 2018 akawa jaji, na mwaka 2025 akawa Jaji Mkuu. Kilangi alitoka mwaka 2021 akawa balozi. Feleshi, ambaye kabla ya hapo alishakuwa Mkurugenzi wa Mashtaka, anayeamua nani ashtakiwe kwa jinai, kisha jaji, kisha Jaji Kiongozi, alitoka mwaka 2024 akaenda Mahakama ya Rufani. Upande wa mashtaka ni vivyo hivyo. Ibara ya 59B inasema Mkurugenzi wa Mashtaka atakuwa huru na hataingiliwa na mtu au mamlaka yoyote, lakini anateuliwa na mkono huo huo, na Biswalo Mganga alipotoka huko mwaka 2021 aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu.

Kila uteuzi kati ya hizo ulikuwa halali, na huenda kila mmoja aliustahili. Lakini nimekuwa shuleni miaka mingi na nimeona wakaguzi wa elimu wakija na kuondoka. Hebu fikirieni mkaguzi ambaye cheo chake kijacho kitaandikwa na mwalimu mkuu anayemkagua. Hata awe mwadilifu namna gani, ile ripoti ataiandika huku anajua nani ataisoma kwanza. Na wazazi wakiiona ripoti nzuri, watajuaje kama shule ni nzuri kweli?

Mshtakiwa anayetokea katika mahakama ya wilaya kila siku ya 14 na kusikia wakili wa Serikali akisema "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine", kisha anarudishwa kwenye karandinga, naye ana haki ya kujua kwamba anayelishika jalada lake hasubiri uteuzi.

3. Mwananchi akidai Katiba yake, anamkuta yeye upande wa pili.

Someni majina ya kesi za Katiba. Upande mmoja ni jina la mtu, upande wa pili ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mchungaji Christopher Mtikila alidai haki ya kugombea bila chama tangu mwaka 1993. Mahakama Kuu ilimpa haki, Katiba ikarekebishwa kumzibia njia. Alirudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, iliyopo hapo Arusha, ikasema nchi yetu imekiuka haki zake. Miaka 20 mtu mmoja anadai jambo moja, na kodi ya nchi nzima inalipa mawakili wa kumpinga. Sisemi kwamba Serikali isijitetee. Nauliza ni nani anayepima lini kujitetea kunakuwa kuwapinga wananchi wenyewe, na vipimo vyake viko wapi tuvisome.

4. Ushauri wake hatuuoni mpaka mambo yaharibike.

Desemba 2014 Jaji Frederick Werema, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, alijiuzulu baada ya maazimio ya Bunge juu ya fedha zilizotolewa katika Akaunti ya Escrow ya Tegeta iliyokuwa Benki Kuu, akieleza kwamba ushauri wake haukueleweka. Sisi wananchi ushauri huo tuliusikia vipande vipande katikati ya makelele ya Bungeni. Ungekuwa umewekwa wazi tangu siku ulipotolewa, tungeupima wenyewe. Sina zaidi hapa.

Sasa, Waheshimiwa, najua mtakayonijibu, maana nimeshajibiwa mengi kwa mdomo.

Mtasema huyu ni wakili wa Serikali, na mteja ana haki ya kujichagulia wakili. Kila wizara ina kitengo chake cha sheria, na hao Serikali iwachague ipendavyo. Mwanasheria Mkuu ametajwa kwenye Katiba, analipwa na wote, na neno lake linaweza kumwoza mtoto wa mtu au kumwokoa.

Mtasema tangu mwaka 2018 ipo Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ndiyo inayosimama mahakamani kwenye kesi za madai. Naijua. Anayeshtakiwa bado ni Mwanasheria Mkuu, na Wakili Mkuu naye anateuliwa kwa mkono ule ule.

Wengine watasema basi achaguliwe kwa kura. Hili naliheshimu, kwa sababu mwaka 2012, Tume ya Mabadiliko ya Katiba ilipokuja kwetu, nilisimama mbele ya watu nikasema hivyo hivyo. Nilikuwa nimesoma kwamba kule Marekani majimbo 43 kati ya 50 yanampigia kura mwanasheria mkuu wao. Na kuna tunda zuri lililotoka huko. Mwaka 1994 Mike Moore, mwanasheria mkuu wa Mississippi aliyechaguliwa na wananchi, aliyashtaki makampuni ya sigara ili yalipe gharama za kuwatibu wagonjwa. Gavana wa jimbo lake mwenyewe, Kirk Fordice, alikwenda mahakamani kumzuia, akashindwa. Mwaka 1998 majimbo 46 yakafikia makubaliano makubwa na makampuni hayo. Kama Moore angekuwa mteule wa gavana, kesi ile ingezimwa kwa barua ya mistari miwili. Mfano huo ninaupenda mpaka leo.

Lakini nimeendelea kusoma. Bill Clinton alikuwa mwanasheria mkuu wa Arkansas kabla ya kuwa gavana, Kamala Harris alikuwa wa California kabla ya kwenda Seneti. Kiti cha kuchaguliwa ni ngazi ya kupandia kingine, na anayepanda ngazi huangalia juu. Texas wanachagua pia, na mwaka 2023 mwanasheria mkuu wao Ken Paxton alishtakiwa na Baraza la Wawakilishi la jimbo, kisha Seneti ikamwachia, huku kila mtu akihesabu kura za vyama. Na kwetu hapa, Waheshimiwa, ninyi mnajua kuliko mimi kampeni inagharimu nini: fulana, kofia, mafuta ya magari, wasanii. Anayelipia vitu hivyo siku moja atakuwa na kesi. Nilichokisema mwaka 2012 leo nakifuta.

Yapo majimbo mawili ya Marekani yenye njia nyingine, na hayo ndiyo yaliyonifungua macho. Maine mwanasheria mkuu anachaguliwa na wabunge kwa kura ya siri. Tennessee anateuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo kwa miaka minane. Kumbe si lazima awe wa kampeni au wa Ikulu.

Wapo watakaosema basi apitishwe na Bunge, yaishe. Hapo naomba tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Katiba yao ya 2010 inataka Mwanasheria Mkuu apendekezwe na Rais, apitishwe na Bunge la Taifa. Lakini haikumpa kipindi. Tarehe 11 Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto aliwaondoa mawaziri karibu wote pamoja na Mwanasheria Mkuu, Justin Muturi, kwa tangazo moja. Baadaye Muturi alieleza hadharani kwamba wiki chache kabla ya hapo mwanawe alikamatwa na watu asiowajua, na yeye, akiwa bado Mwanasheria Mkuu, hakuweza kumtoa mpaka alipokwenda kwa Rais. Niliposoma maneno hayo nilikumbuka nilivyosimama kwa mtendaji wa kijiji, mikono mitupu. Mkurugenzi wa Mashtaka wa Kenya amepewa kipindi kimoja cha miaka minane, jambo jema sana. Noordin Haji aliingia mwaka 2018, na mwaka 2023 akateuliwa kuongoza idara ya ujasusi, miaka yake haijaisha. Kipindi kiliandikwa, mlango wa kutokea ukaachwa wazi.

Na mtasema tungoje Katiba Mpya. Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa. Tangu hapo nimestaafu, nimezika mume, na wanafunzi wangu wa mwaka ule sasa wana watoto shuleni.

Kwa hiyo naomba haya.

Kwanza, na hili halihitaji kuigusa Katiba. Ifanyieni marekebisho Sheria ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali (Utekelezaji wa Majukumu) ya mwaka 2005, Sura ya 268. Iwekeni ndani yake kwamba kila mwananchi anaposhinda shauri la haki za msingi, na Mwanasheria Mkuu akaamua kukata rufaa, ndani ya siku 30 alete Bungeni sababu zake kwa maandishi na kwa Kiswahili, nani alishauriwa, na ni nini kitaharibika kama hukumu itaachwa kama ilivyo. Mkitaka mnaweza kulimaliza kabla mwaka haujaisha. Lingekuwepo mwaka 2016, yule mtendaji angekuwa na karatasi ya kunisomea, na mimi ningekuwa na hoja ya kuijibu.

Pili, Ibara ya 59 na ya 59B zibadilishwe. Nafasi hizo mbili zitangazwe. Waombaji wasailiwe hadharani na jopo lenye majaji wastaafu, Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na watu wasio wanasheria. Jopo limpelekee Rais majina matatu, achague moja, na ninyi mlipitishe kwa theluthi mbili kwa kura ya siri. Kura ya siri naisisitiza, kwa sababu katika Bunge ambalo karibu viti vyote ni vya chama kimoja, kura ya wazi haina uzito huo.

Tatu, kipindi kiwe kimoja, miaka saba, na aondolewe tu kwa njia anayoondolewa nayo jaji. Asiwe mbunge. Akiitwa kwenye Baraza la Mawaziri kutoa ushauri aende, akimaliza atoke.

Nne, akishatoka, asiteuliwe cheo chochote na Rais kwa miaka mitano. Asiwe jaji, wala balozi, wala mwenyekiti wa bodi. Apewe pensheni nzuri, hata ya jaji wa Rufani, sina kinyongo. Mkinipunguzia maombi yangu yote, hili la nne naomba msilipunguze.

Mabadiliko ya Katiba yanataka theluthi mbili yenu. Najua mnazo.

Kabla ya kuandika barua hii nilimtafuta binti mwenye daftari. Ana watoto watatu na mkubwa wao yuko shule ya msingi. Nilimwonesha ukurasa wa mwisho, akaufuata kwa kidole mstari kwa mstari, akasema jibu ni lile lile. Nikamwomba ruhusa. "Andika, Mwalimu," akaniambia, "ila jina langu liache."

Daftari ninalo. Kamati yenu ikiniita kutoa maoni, nitakuja nalo Dodoma kwa nauli yangu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kahama.